Kumlisha mgonjwa kwa mpira wa puani: kazi ya mdomo na koo inapohamia mikononi mwa muuguzi

Mtu mzima mwenye afya humeza tonge bila kulifikiria. Meno hulisaga, mate hulilainisha na kuanza kuvunja wanga, ulimi hulisukuma nyuma, na kifuniko kidogo cha gegedu kiitwacho epigloti hufunika njia ya hewa. Tonge huingia kwenye umio, mrija wa misuli wenye urefu wa karibu sentimita 25, na baada ya sekunde chache hufika kwenye mfuko wa tumbo. Kule chini, msuli wa duara hujifunga nyuma yake ili chakula na asidi visirudi juu.

Mgonjwa wa kiharusi asiyeweza kumeza, aliyepoteza fahamu, au mtoto mwenye utapiamlo mkali aliyechoka hata kunyonya kijiko, hulishwa kwa mpira unaopita puani hadi tumboni. Mpira huo unaruka hatua zote hizo. Hausagi, hauchanganyi mate, na hauna epigloti ya kuuzuia usiingie mapafuni. Isitoshe, ukishapita kwenye ule msuli wa duara unauacha wazi kidogo, na asidi hupata njia ya kupanda. Kila hatua iliyomo kwenye mwongozo huu ni fidia ya kazi fulani ambayo mwili umeacha kuifanya. Ukijua unafidia nini, hutairuka hata zamu ikielemewa na wagonjwa.

Kabla ya kugusa mpira

Soma faili kwanza. Usipitishe mpira puani kwa mgonjwa aliyevunjika fuvu upande wa chini au mwenye majeraha makubwa ya uso, kwa sababu mpira unaweza kupenya penye ufa na kuingia ndani ya fuvu. Aliyekunywa tindikali au dawa kali ya kusafishia choo, aliyefanyiwa upasuaji wa umio karibuni, na mwenye mishipa iliyovimba ya umio (huonekana sana kwa wenye ini lililosinyaa, pia kwa wenye kichocho cha tumbo cha muda mrefu) asiwekewe mpaka daktari atoe uamuzi.

Chagua ukubwa. Namba iliyoandikwa kwenye mpira ni kipimo cha unene kiitwacho French (Fr), na kila Fr 1 ni theluthi moja ya milimita ya kipenyo. Mtu mzima anayelishwa tu hutosheka na Fr 8 hadi 12. Mipira ya Fr 14 hadi 18 ni ya kutolea uchafu tumboni. Wodi nyingi huitumia kulishia kwa kuwa ndiyo iliyopo, na pia haizibwi haraka na uji, lakini huumiza pua zaidi. Mtoto mdogo huwekewa Fr 6 hadi 8, na kichanga Fr 5 au 6.

Andaa bomba la sindano la mililita 50 au 60, karatasi za kupimia pH (kipimo cha asidi: namba ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi), jeli ya maji, plasta, tochi, kikombe cha maji, beseni dogo la kutapikia, glavu, na mashine ya kunyonya makohozi ikiwa tayari. Usitumie mafuta ya mgando kulainisha mpira. Yakivutwa mapafuni hayayeyuki, na huleta homa ya mapafu isiyosikia dawa za kawaida.

Kisha zungumza na mgonjwa, hata kama unadhani hakusikii. «Shikamoo mama. Nitapitisha mpira huu mwembamba puani hadi tumboni ili upate chakula. Pua itawasha na machozi yatatoka, halafu utasikia kama unataka kutapika. Ukitaka nisimame, inua mkono.» Mgonjwa aliyeandaliwa humeza unapomwambia ameze. Asiyeandaliwa hukaza koo, na mpira hujikunja mdomoni.

Kuweka mpira

1. Mkalishe wima, kichwa kikiegemea mto. Aliyepoteza fahamu mwinue kichwa cha kitanda angalau nyuzi 30.

2. Mwambie avute hewa kwa tundu moja la pua huku ukiziba lingine. Tumia lile linalopitisha vizuri zaidi.

3. Pima urefu. Weka ncha ya mpira kwenye ncha ya pua, uupeleke hadi ndewe ya sikio, kisha ushuke hadi chembe ya moyo, pale mfupa wa kidari unapoishia. Weka alama ya plasta. Kwa mtu mzima kipimo huangukia kati ya sentimita 50 na 65, kulingana na kimo. Kwa kichanga, usiishie kwenye chembe ya moyo. Endelea hadi katikati yake na kitovu, la sivyo ncha itabaki kwenye umio na maziwa yatarudi kooni.

4. Paka jeli sentimita 5 hadi 10 za mwanzo.

5. Ingiza mpira ukiuelekeza nyuma, kama unaufuata mstari wa kwenda kwenye sikio. Usiuelekeze juu. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea: sakafu ya pua imelala, na mpira ukielekezwa juu hugonga nyama za pua na damu hutoka. Ukikutana na kizuizi, zungusha taratibu. Ukishindwa badili tundu, usilazimishe.

6. Mpira ukifika kooni mwinamishe kichwa mbele, kidevu kielekee kifuani. Mkao huu hubana njia ya hewa na kufungua umio. Anayeruhusiwa kunywa apige mafunda madogo ya maji. Mgonjwa wa kiharusi asipewe maji, ameze mate tu. Sukuma sentimita 5 hadi 10 kila anapomeza, kwa kuwa wakati huo ndipo epigloti imefunika njia ya hewa.

7. Akikohoa mfululizo, akibadilika rangi midomo, akishindwa kutoa sauti au kipimo cha oksijeni kikishuka, vuta mpira hadi kooni mara moja na umpumzishe. Lakini aliye kwenye usingizi mzito hawezi kukohoa. Mpira unaweza kuingia kwenye pafu naye akabaki ametulia kabisa, kwa hiyo utulivu wa mgonjwa si ushahidi wa kwamba mpira umefika tumboni.

8. Alama ikifika puani, mulika mdomoni kwa tochi kuona kama mpira umejikunja. Ubandike plasta ya muda.

Kuthibitisha ulipo

Hapa hapana njia ya mkato. Kwenye wodi nyingi bado watu husukuma hewa kwa bomba la sindano na kusikiliza kwa stetoskopu juu ya tumbo. Sauti hiyo husikika hata mpira ukiwa kwenye umio au pafu, maana mwili hupitisha sauti kila upande. Uingereza ilikataza njia hiyo mwaka 2005, baada ya wagonjwa kufa kwa kulishwa mapafuni. Kuzamisha ncha ya nje ndani ya kikombe cha maji na kutazama mapovu nako hakufai, kwani tumbo pia lina hewa. Achana na njia hizo mbili kabisa.

Inayotegemewa ni asidi. Mfuko wa tumbo ukiwa mtupu huwa na pH ya 1 hadi 3 hivi, wakati majimaji ya mapafu na ya utumbo mwembamba huwa 6 na zaidi. Vuta majimaji kidogo kwa bomba la sindano, mililita moja inatosha, uyadondoshee kwenye karatasi ya pH. Ukisoma 5.5 au chini yake, mpira umefika tumboni. Karatasi ya litmasi ya buluu haitoshi: hugeuka nyekundu kwa asidi yoyote, iwe kali au hafifu, kwa hiyo haiwezi kutofautisha tumbo na bronkasi, yaani mrija wa hewa wa pafu.

Rangi husaidia lakini haithibitishi. Majimaji ya tumbo mara nyingi ni ya kijani cha majani, au meupe yenye chembechembe, au ya kahawia kidogo. Ya manjano ya dhahabu huonyesha nyongo, maana yake mpira umevuka hadi utumbo mwembamba. Ute mweupe unaovutika hutoka mapafuni.

Usipopata kitu, mgeuze alalie ubavu wa kushoto ili majimaji yakusanyike penye ncha, sukuma mililita 10 hadi 20 za hewa kuondoa ute uliobana tundu, subiri dakika 15 hadi 30, uvute tena. Kwa mtu mzima unaweza kusogeza mpira ndani au nje kwa sentimita 10 hadi 20. Ikishindikana, au pH ikiwa juu ya 5.5, piga eksirei. Anayemeza omeprazole, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, huwa na pH ya juu hata mpira ukiwa mahali pake, na aliyelishwa karibuni hali kadhalika, kwa hiyo baada ya chakula au dawa subiri saa nzima ndipo upime.

Ukiridhika, bandika plasta bila kuvuta mpira juu, kwa sababu tundu la pua likibanwa siku mbili tatu hupata kidonda. Andika kwenye faili: tarehe, ukubwa wa mpira, tundu lililotumika, sentimita zinazosomeka puani, na pH uliyopata. Namba ile ya sentimita ndiyo itakayomwambia mwenzako wa zamu ya usiku kama mpira umeteleza.

Chakula chenyewe

Mtu mzima mgonjwa huhitaji takribani kilokalori 25 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, protini gramu 1 hadi 1.5 kwa kilo, na maji mililita 30 kwa kilo. Mwenye kilo 60 anahitaji basi kilokalori 1,500 hadi 1,800, protini angalau gramu 60, na maji lita 1.8. Weka namba hizi mbele yako unapotazama uji ulioletwa na ndugu kwenye chupa. Uji mwepesi wa unga na sukari hupita vizuri kwenye mpira, na mgonjwa hukonda huku kila mtu akiona analishwa.

Maziwa maalumu ya makopo yakiwepo, fuata vipimo vya kopo. Yasipokuwepo, mchanganyiko ufuatao hukaribia mahitaji ya siku ya mtu wa kilo 60 asiye na kisukari wala ugonjwa wa figo: maziwa freshi lita 1, unga wa ulezi gramu 75, unga wa soya iliyokaangwa gramu 25, mayai 2, sukari gramu 50, na mafuta ya kupikia vijiko 2 vikubwa. Ongeza maji mpaka ifike lita 1.5. Jumla ni karibu kilokalori 1,590 na protini gramu 59. Koroga mayai kwenye maziwa yakiwa baridi, yachuje, ndipo uweke unga na kupika hadi ichemke vizuri huku ukikoroga. Mayai yakitiwa kwenye uji unaochemka huganda vipande vipande na kuziba mpira. Chuja mara mbili kwa chujio la matundu madogo. Vitamini C haitoshi humo, kwa hiyo mpe juisi iliyochujwa kwa wakati wake. Isichanganywe na maziwa, kwani huyagandisha ndani ya mpira.

Uji ukipoa huwa mzito. Wengi huongeza maji, na kila kikombe cha maji kinapunguza nguvu ya mlo. Njia bora ni kimea, yaani ulezi uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa. Uji ukipoa kiasi cha kuonjwa bila kuunguza ulimi, tia kijiko kimoja cha unga wa kimea, koroga, subiri dakika 10. Utaona uji mzito umekuwa mwepesi bila kuongezwa tone la maji. Kimea kina amilesi, kimeng'enya cha aina ileile iliyomo kwenye mate, kwa hiyo kinafanya kwenye sufuria sehemu ya kazi ambayo mdomo wa mgonjwa huyu haufanyi tena. Chemsha tena kidogo ili kuua vijidudu, kwa maana nafaka iliyooteshwa hubeba vingi. Tumia ulezi badala ya mtama: machipukizi ya mtama yana sumu ya sayanidi.

Bila friji, pika kiasi cha mlo mmoja au miwili tu, na mlo uliopoa usikae zaidi ya saa 2. Kuweka uji vuguvugu kwenye chupa ya chai tangu asubuhi hadi jioni ni kuwafugia bakteria. Asidi ya tumbo huua wengi, lakini mgonjwa wa omeprazole hana kinga hiyo.

Mtoto mwenye utapiamlo mkali hapewi mchanganyiko huu. Huanza na maziwa maalumu ya tiba yaitwayo F-75, yenye kilokalori 75 kwa mililita 100, kwa kiasi cha mililita 130 kwa kilo kwa siku (100 akiwa amevimba mwili mzima), yakigawanywa kila baada ya saa 2. Mwenye kilo 6 asiyevimba hupata kama mililita 65 kila mara. Hupewa kwa kikombe kwanza, na mpira hutumika asipomaliza asilimia 80 ya kiasi chake.

Watu wazima waliokaa siku nyingi bila kula nao wana hatari yao. Wakipewa chakula kingi ghafla, insulini hupanda na kuingiza fosfati, potasiamu na magnesiamu ndani ya seli, damu hupungukiwa, na moyo unaweza kusimama. Aliyekaa siku zaidi ya 10 bila kula kitu cha maana aanze na kilokalori zisizozidi 10 kwa kilo kwa siku, apewe thiamini (vitamini B1) kabla ya mlo wa kwanza, apimwe elektrolaiti, yaani madini hayo ya damu, na apandishwe polepole kwa siku 4 hadi 7.

Kumlisha

Mwinue nyuzi 30 hadi 45. Tazama alama ya sentimita puani, vuta majimaji na upime pH kabla ya kila mlo. Huenda amekohoa au kutapika usiku na mpira ukahama. Ukivuta ukakuta kiasi kikubwa cha mlo uliopita, tumbo linachelewa kumwaga. Kwa mtu mzima, mililita 250 mara mbili mfululizo, au 500 mara moja, ni sababu ya kusitisha na kumwita daktari, hasa tumbo likiwa limejaa na limekaza.

Pitisha maji mililita 30. Chomoa pistoni ya bomba la sindano, banisha mpira kwa vidole, unganisha bomba, jaza chakula cha uvuguvugu, kisha achia. Inua bomba sentimita 30 hivi juu ya tumbo na uache chakula kishuke kwa uzito wake. Usikisukume kwa pistoni. Mlo wa mililita 250 uchukue dakika 20 hadi 30, sawa na mtu anayekula taratibu. Ukienda kasi unashusha bomba, ukienda polepole unaliinua. Ongeza chakula kabla bomba halijakauka ili hewa isiingie. Malizia kwa maji mililita 30, funga mpira, na umwache ameinuliwa nusu saa hadi saa nzima. Kumlaza chali mara tu baada ya mlo ili kubadilisha shuka ni kosa linaloonekana kila siku, na wagonjwa hupaliwa kwa sababu hiyo.

Siku ya kwanza anza na mililita 50 hadi 100 kwa mlo, ukifika 250 mara 6 kwa siku kadiri tumbo linavyokubali. Milo hiyo pamoja na maji ya kusafishia hufika lita 1.86, lakini uji si maji yote. Mwongeze mililita 200 hivi kati ya milo, na zaidi akiwa na homa au jasho.

Mambo yanayoharibika

Dawa ndiyo inayoziba mpira mara nyingi. Omba ya maji kwanza. Kidonge kikibidi kusagwa, kisage kimoja kimoja hadi unga laini, kichanganye na maji mililita 15 hadi 30, upitishe maji kati ya dawa na dawa. Usivisage vidonge vya kutoa dawa polepole, kama nifedipine (dawa ya presha) ya aina hiyo, maana dozi ya siku nzima itamwagika mwilini kwa mara moja na presha itaporomoka. Fenitoini, dawa ya kifafa, hunasa kwenye chakula: sitisha mlo saa 1 hadi 2 kabla na baada yake, la sivyo degedege itarudi. Mpira ukiziba, weka maji ya uvuguvugu kwa bomba la mililita 50, vuta na kusukuma kwa upole, acha dakika 15, rudia. Bomba dogo hutoa mgandamizo mkubwa na hupasua mpira. Soda huongeza tatizo, kwa kuwa asidi yake hugandisha protini. Waya wa ndani unaokaza mipira myembamba wakati wa kuiweka, ukishatolewa usirudishwe kamwe mpira ukiwa ndani ya mgonjwa.

Akiharisha, usikimbilie kusimamisha chakula. Uliza kwanza kama analishwa kasi, kama chakula ni baridi au kimechacha, kama yuko kwenye antibayotiki, na kama dawa zake za maji zina sobitoli, sukari inayolegeza choo. Akifunga choo, hesabu maji yake kabla ya kutafuta dawa ya kulainisha choo.

Mdomo usiotafuna haupati mate ya kutosha, ulimi hukauka na vijidudu huzaana, na mate hayo machafu yakishuka mapafuni huleta nimonia. Sugua meno na ulimi asubuhi na jioni, lowesha midomo kila baada ya saa 2 hadi 4. Badilisha plasta kila siku na usafishe pua. Mpira wa PVC (plastiki ya kawaida) hukakamaa kwa asidi, ubadilishwe kila siku 7 hadi 10, kwa tundu lingine.

Kikohozi kipya, pumzi za haraka, homa, au sauti ya maji kooni: simamisha chakula papo hapo, mwinue, nyonya makohozi, mpe oksijeni, mwite daktari. Mengine yatafuata baadaye.

Kuutoa

Anayeanza kumeza apimwe kabla ya mpira kutoka: awe macho, akae wima, amudu kukohoa, kisha vijiko vya maji kimoja kimoja ukisikiliza sauti yake. Sauti ikiwa ya majimaji, bado. Akifaulu na kula mdomoni sehemu kubwa ya mahitaji yake kwa siku mbili tatu, pitisha maji halafu hewa ili mpira uwe mtupu, ubane, mwambie azuie pumzi, uvute kwa mwendo mmoja usiosita. Mfute pua, asukutue mdomo. Kwa mgonjwa wa kiharusi, milo ya kwanza iwe uji mzito kidogo au mtindi kwa kijiko kidogo. Maji matupu yabaki ya mwisho, kwa sababu hukimbia kooni haraka kuliko epigloti dhaifu inavyoweza kufunga.